Mnyonge na Haki Yake

Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Singida kwenda Mwanza, basi Shelui umeipita, hata kama ulikuwa umesinzia. Ukishaiacha njia panda ya Misigiri, ile ya kwenda Kiomboi, barabara inakupeleka mpaka mlima Sekenke, kisha inateremka kwa kona zilizowatesa madereva wa malori miaka mingi kabla ya lami. Chini zinafunguka nyanda za Wembere, joto linabadilika, na hapo ndipo Shelui ilipo, kabla hujaingia Igunga mkoani Tabora. Dirishani utaletewa kuku wa kienyeji, vitunguu, asali. Ukitazama vizuri nyuma ya wachuuzi utawaona watu wengine wenye vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Hao ni wachimbaji wadogo wa dhahabu. Jioni hii nataka tuzungumze habari zao, pamoja na jina moja ambalo wanasiasa wetu wamewapachika: wanyonge.

Barabara ni hiyo moja, kwa hiyo kiongozi anayekwenda Kanda ya Ziwa kwa gari kupitia Singida hana budi kupita Shelui. Siku ya msafara inajulikana tangu asubuhi. Askari wamejipanga, watoto wa shule wametolewa kando ya barabara, biashara zimesogezwa nyuma. Siku moja ya namna hiyo nilikuwepo. Sitamtaja kiongozi wala mwaka, maana jambo lenyewe limetokea mara nyingi na mahali pengi. Kijana mmoja wa machimboni alikuwa ameandika bango kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, akaniomba nimwangalizie maandishi. Lilisema: sisi wanyonge wa machimboni tunaomba utusaidie, tunatozwa fedha bila risiti. Nikamwuliza kwa nini asiandike kwamba wanadai risiti. Akanijibu haraka, kama mtu aliyelifikiria neno hilo siku nyingi: "Ukidai, kaka, bango linachukuliwa. Ukiomba, linasomwa."

Na kweli likasomwa. Msafara ulisimama, kiongozi akajitokeza juu ya gari, akalisoma bango kwa kipaza sauti, akamwita mhusika wa tozo mbele ya watu wote. Mhusika akaja mbio, kofia mkononi, akashindwa kujieleza. Umati ukalipuka kwa shangwe. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na sijutii, kwa sababu alichokiandika yule kijana kilikuwa kweli tupu, na hapakuwa na ofisi iliyomsikiliza kabla ya siku ile. Tozo zikakoma. Baada ya miezi michache zikarudi kwa jina jingine, na kijana akawa anasubiri msafara mwingine.

Wataalamu wa siasa wana neno lao kwa mtindo huu. Wanauita populizimu. Maana yake, kwa lugha ya sokoni, ni siasa ya kiongozi anayesema: wananchi wa kweli ni hawa, adui yao ni wale wachache waliojishibisha, na sauti ya wananchi hawa ni mimi. Sehemu mbili za kwanza mara nyingi ni kweli. Ile ya tatu ndiyo inayoleta kazi. Mtu akishakuwa yeye ndiye sauti ya wananchi wote, basi mbunge anayeuliza, jaji anayesita, mwandishi anayechunguza na diwani anayepinga wanageuka kuwa watu waliosimama kati ya baba na wanawe.

Huko Ulaya jambo hili huzungumzwa kama homa iliyoingia nyumba yenye afya. Kwetu haliwezi kuzungumzwa hivyo. Taifa letu lenyewe lilizaliwa kwa kauli ya namna hiyo: wananchi upande huu, mkoloni upande ule. TANU ilipoanza mwaka 1954 ilikuwa inasema kweli, na watu wa Singida waliielewa bila kufundishwa. Mkoloni alituzoesha pia namna moja ya kuongea na serikali. Mwenyeji wa kijijini hakuwa na kura wala swali, alikuwa na ombi, na ombi lake alilipeleka bomani kwa bwana shauri kupitia kwa mtemi. Profesa Mahmood Mamdani wa Uganda aliandika kitabu mwaka 1996 akionyesha jinsi ukoloni ulivyotugawa, uraia ukabaki mjini kwa wachache, na kijijini wakabaki watawaliwa. Ninapolikumbuka lile bango la Shelui, neno "tunaomba" naona limetoka mbali. Mzee wake yule kijana aliliandikiwa na karani, na babu yake alilisema akiwa amevua kofia.

Sasa hilo neno mnyonge. Katika Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, unyonge ulitajwa kama hali ya kutoka, kama vile mtu anavyotajiwa maradhi ili atibiwe. Nusu karne baadaye neno likabadilishiwa kazi. John Magufuli alipoingia Ikulu Novemba 2015 alijiita, na akaitwa na wengi kwa mapenzi ya kweli, rais wa wanyonge. Tangu hapo mnyonge amekuwa mtu wa aina fulani: mama lishe, machinga, bodaboda, mchimbaji mdogo. Unyonge ukawa kama kabila. Na mtu akishaitwa mnyonge, anamhitaji mtetezi kila siku anayoamka.

Methali yetu inasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sikiliza inavyosema. Inakubali kwamba mtu anaweza kuwa dhaifu kiasi cha kunyongwa, lakini hata huyo kuna kitu ni chake, hakitoki mfukoni mwa anayempa. Methali haikusema mpeni msaada.

Nirudi kwenye dhahabu, maana ukitaka kujua kwa nini watu wa Shelui walimpenda Magufuli lazima uanzie chini ya ardhi. Mgodi wa Sekenke ulifunguliwa na Wajerumani, na ulikuwa wa mwanzo wa dhahabu katika nchi hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana na fedha zikaisha, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaipeleka Tabora, na mwaka 1916 wakaigonga sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Leo sarafu hizo wanazisaka wakusanyaji wa vitu vya kale ng'ambo, na bei yake ni ya kutisha. Waliochimba ile dhahabu hawakuachiwa hata moja. Waingereza wakaja, wakachimba, wakaondoka. Yaliyobaki ni mashimo, na wajukuu wa vibarua wale wakayarudia kwa sururu na kamba.

Kazi yao ni hii. Anatafutwa mwenye leseni, anatafutwa mfadhili wa chakula na baruti, linachimbwa duara, yaani shimo, watu wanashuka kwa zamu. Mawe yanapandishwa kwenye viroba na kugawanywa: mwenye leseni fungu lake, mfadhili lake, mwenye eneo lake, na wale walioshuka shimoni wanagawana kilichobaki. Mawe yanakwenda kwenye karasha, unga wake unaoshwa mwaloni, dhahabu inakamatwa kwa zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu. Mchanga uliooshwa hauishi kazi, unauzwa tena kwa wenye mitambo ya kuchenjua, na mara nyingi hapo ndipo dhahabu nyingi inapopatikana, baada ya mchimbaji kwenda zake. Mtu anayeishi hivi hahitaji kufundishwa maana ya kunyonywa. Ameshaihesabu kwa viroba.

Kwa hiyo Machi 2017 Magufuli alipozuia makinikia, ule mchanga wenye madini, yasisafirishwe nje, na Mei mwaka huo kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasoma mbele ya taifa zima hesabu ya makontena 277 yaliyokuwa yamezuiwa, Shelui ilisikiliza kama watu wanaosomewa hukumu ya kesi yao wenyewe. Juni ikaja kamati ya pili ya Profesa Nehemiah Osoro. Julai kampuni ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Mitaani watu wakapiga hesabu kwamba zikilipwa, kila Mtanzania anapata gari lake la Noah. Bunge likapitisha sheria mpya za rasilimali kwa hati ya dharura, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6.

Nitasema wazi ninachoamini. Hasira ile ilikuwa ya haki. Mikataba ya miaka ya 1990 ilikuwa mibaya, na hakuna kiongozi aliyeigusa kwa ujasiri ule kabla yake. Zipo faida zilizoshikika pia. Mwaka 2019, baada ya Magufuli kukutana na wachimbaji wadogo, waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na ile ya zuio, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la Geita likatangulia. Mchimbaji aliyekuwa akimwuzia dalali gizani akapata mahali penye mizani. Anayesema enzi ile ilikuwa makelele matupu hajawahi kuuza gramu mbili kwa bei ya kupangiwa.

Lakini msikilizaji, tazama na upande wa pili, maana nao umetoka Singida hii hii. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye machimbo ya Bulyanhulu, nje ya Singida, kumpisha mwekezaji, na zikatoka tuhuma kwamba wapo waliofukiwa mashimoni. Serikali ilikana, kampuni ikakana. Mwanasheria kijana, mzaliwa wa Ikungi, Tundu Lissu, akiwa na wenzake wa chama cha wanasheria wa mazingira LEAT, wakadai uchunguzi huru, na kwa kudai huko wakafunguliwa kesi ya uchochezi. Huyu alikuwa akiwasemea wachimbaji kwa karatasi za mahakama wakati ambao kuwasemea hakukuwa na makofi. Mwaka 2017 alikuwa Mbunge wa Singida Mashariki. Alisimama akasema ugonjwa uko kwenye sheria na mikataba ambayo Bunge letu lenyewe liliipitisha, na kwamba tukiivunja bila kufuata taratibu zake tutashitakiwa. Ungeweza kumpinga kwa hoja. Wapo waliofanya hivyo. Lakini sauti iliyovuma zaidi ilikuwa nyingine, kwamba anayehoji yuko upande wa wezi. Tarehe 7 Septemba 2017 alimiminiwa risasi mchana kweupe nyumbani kwake Dodoma. Hakuna aliyehukumiwa kwa shambulio lile.

Wanaume wawili, dhahabu moja, wote wakisema kwa ajili ya watu walewale. Demokrasia ilitakiwa iwe ukumbi ambamo wawili hao wanabishana mbele yetu mpaka tuelewe. Ukumbi ulikuwa umeshafungwa madirisha. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC itaacha kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Mimi ni mtu wa redio na jambo hilo lilinichoma, kwa kuwa najua duka la Shelui ambapo watu walikuwa wakisimama mchana kusikiliza Bunge, muuza duka akiwa ameongeza sauti kwa ajili ya wote. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, na marufuku hiyo ikaja kuondolewa Januari 2023. Sheria ya 2017 ililipa Bunge mamlaka ya kupitia mikataba ya rasilimali, jambo jema kabisa, wakati huohuo sisi tukiwa tumenyimwa kulisikia Bunge. Oktoba 2017 yakatangazwa makubaliano na Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia: dola milioni 300, hisa asilimia 16 kwa Serikali, na kugawana faida nusu kwa nusu. Yawezekana yalikuwa makubaliano mazuri. Ila kutoka bilioni 190 hadi milioni 300 ni safari ndefu, na mchimbaji aliyeahidiwa Noah hakupata mahali pa kuuliza safari hiyo ilikwendaje.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia inayofanana. William Ruto alishinda urais Agosti 2022 akiwa na wilibaro na neno hasla, yaani mhangaikaji, akisema mapambano ni kati ya watoto wa vigogo na watoto wa wauza mboga. Kura zilikuwa asilimia 50 na kidogo, Mahakama ya Juu ikasikiliza pingamizi kwa uwazi. Miaka miwili haikutimia. Juni 2024 vijana waliokuwa wameitwa mahasla walijaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, baadhi wakapigwa risasi, na siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, muswada ukaondolewa. Ninachokiona pale ni kwamba walikataa kuendelea kusemewa.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja la kwetu ambalo vijana wengi hawalijui. Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, kuwauliza Watanzania kama wanataka chama kimoja kiendelee au viwe vingi. Tume ilizunguka nchi nzima, ikasikiliza watu zaidi ya 36,000. Zaidi ya 7 kati ya 10 walisema chama kimoja kiendelee. Kwa hesabu ya mkutano wa hadhara, kazi ilikuwa imekwisha: wananchi wamesema, sauti ya wengi, piga makofi twende nyumbani. Tume ikapendekeza vyama vingi. Iliona kwamba wale wachache waliotaka mabadiliko, kama mmoja kati ya watano, wana haki ya kusikika na kujipanga, na kwamba hata wengi waliotaka chama kimoja walikuwa na malalamiko mazito juu ya jinsi chama hicho kinavyoendeshwa. Ikataja pia sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi. Wapo wanaolisema kama kosa, kwamba vyama vingi tulivishushiwa kutoka juu na ndiyo sababu havina mizizi. Mimi naliona kama mojawapo ya siku za heshima katika historia yetu, kwa sababu waliokuwa na wingi walikiri kwamba wingi hauwafanyi kuwa nchi nzima. Siasa ya wanyonge haiwezi kufanya hivyo. Ndani yake wanyonge ni mwili mmoja wenye mdomo mmoja, na asiyekubali si mnyonge mwenzetu, ametumwa.

Matunda tumeyaona. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao kususa, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya viti, na vijiji vingi vikapata wenyeviti waliopita bila kupingwa. Magufuli alifariki Machi 2021, lakini mazoea hayakuzikwa naye. Novemba 2024 asilimia zilikuwa karibu zilezile. Aprili 2025 Lissu akashitakiwa kwa uhaini. Tarehe 29 Oktoba 2025 tulipiga kura, na siku ile na zilizofuata damu ilimwagika, intaneti ikazimwa, matokeo yakatangazwa kuwa asilimia 97 na ushei kwa rais aliyekuwa madarakani. Wapo wazazi ambao mpaka leo hawaliongei jambo hilo kwa sauti. Nami nalisema hapa kwa heshima yao.

Sasa nikuulize, nguvu iliyobaki kwa mtu wa Shelui iko wapi? Iko mahali pasipo na kipaza sauti. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya mwaka 1982, inasema mwenye kauli ya mwisho kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo watu wasomewe mapato na matumizi. Hakuna askari wa msafara. Kuna meza ya shule, mwenyekiti, mtendaji na daftari.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo katika kijiji cha kata ya Shelui. Agenda ya darasa ilipofika akasimama mama mmoja anayeosha mchanga mwaloni, kanga kiunoni, mikono imechubuka. Akasema kila duara lilichanga kiroba kimoja cha mawe kwa ajili ya darasa la watoto. Viroba vilikuwa vingapi, na viliuzwa shilingi ngapi? Watu wakageuka. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kabisa: "Mama, hilo jambo zito. Tumsubiri mheshimiwa akija tumfikishie, yeye anatujali sisi wanyonge."

Yule mama hakukaa. "Mwenyekiti, na heshima yako. Mimi simsubiri mtu. Daftari si unalo wewe hapo?"

Mtendaji akalifungua. Akasoma duara moja baada ya jingine, jina kwa jina, na jua lilikuwa kali, wengi wakaanza kuondoka kimya kimya. Hakuna aliyeshangilia. Ilichukua muda mrefu, na mwisho viroba viwili havikuonekana popote kwenye hesabu. Mtu mmoja akasema viachwe, ni viwili tu. Mama akasema viandikwe. Vikaandikwa kwenye muhtasari, pamoja na jina la aliyevipokea na kwamba ajieleze mkutano ujao. Ndipo yule mama akaketi chini kwenye kivuli kilichokuwa kimeshasogea, akajifunga kanga yake vizuri, akauliza agenda inayofuata ni ipi.